Bei ya Kufunga Duka

Katika miaka ile ambayo wanawake wa Nyanchwa walivaa raizoni, viatu vya soli nene kama tofali, na kuteremka navyo mlimani huku wakishikilia ua wa jirani, hapakuwa na mtu aliyejua kununua kama Drusilla, mke wa Mwalimu Nyamweya. Wengine walikwenda Kisii mjini na pesa wakarudi na vitu. Drusilla alirudi na vitu na pesa zikiwa zimebaki, na juu ya hapo sindano mbili au kipande cha utepe alichoongezewa na mwenye duka ili aondoke.

Alikuwa na kanuni zake. Usishike kwanza kitu unachokitaka. Shika cha pembeni, ukikunjie uso, halafu ukiulizie kile cha haja kama mtu anayeuliza saa. Nenda Jumatatu asubuhi, mwenye duka akiwa hajauza hata kifungo. Ukitajiwa bei, cheka kidogo, usicheke sana. Ukikataliwa, geuka utoke polepole, maana kati ya kaunta na mlango kuna hatua kama sita hivi, na ni wachache waliowahi kumwacha afikishe ya tano.

Alikaa na mumewe na binti yao Nyangate katika nyumba ya kupanga, moja kati ya sita zilizojipanga mstari kwenye mteremko, zikigawana kuta. Mtu akikaanga kitunguu nyumba ya kwanza, nyumba ya sita walijua chakula cha jioni. Bathsheba, mke wa karani wa benki, akifungua redio yake mpya, sita zote zilicheza au zilinuna. Ijumaa jua likizama redio zilizimwa kwa pamoja, kwa kuwa wote walikuwa Wasabato isipokuwa Wakatoliki wa nyumba ya mwisho, na redio ya Wakatoliki hao ilisikilizwa na mstari mzima bila mtu kukiri. Kesho yake watu walipanda kwenda kanisani. Mchungaji alihubiri unyenyekevu, na macho ya akina mama yalikuwa kwenye pindo za sketi: nani amekata nguo kama ile ya kwenye gazeti, nani amevaa wigi, nani amerudia gauni la Pasaka.

Mtu mmoja tu alimwacha Drusilla afike mpaka barabarani. Huyo alikuwa Lata, mke wa Bhupendra, mwenye duka la vitambaa kwenye barabara kuu. Drusilla alipokuwa bibi arusi mpya kutoka Gesima, alitaka kitambaa cha pazia. Akataja bei yake, akakataliwa, akageuka. Hatua ya nne, kimya. Ya tano, kimya. Akajikuta amesimama barabarani juani, hana pazia, hana pa kwenda. Akageuza shingo. Lata alikuwa ameegemea kaunta, kidevu mkononi, anamtazama.

"Jua ni kali, dada," Lata alisema. "Rudi ukasirikie ndani."

Wakacheka wote wawili, na pazia likanunuliwa katikati ya bei zao mbili. Tangu siku hiyo, kila Jumatatu Drusilla alikuwa mgeni wa chumba cha nyuma, palipokuwa na jiko la makaa, birika la chai ya tangawizi, na gramafoni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Lata alizaliwa Kisumu na alikisema Kiswahili tangu utotoni, pamoja na Kigusii cha kutosha kujua anapotukanwa. Ukutani alibandika picha za waigizaji wa sinema za kwao. Aliweka santuri, akaeleza: huyu anaimba kwa sababu mama yake hamtambui, huyu ni ndugu wa yule lakini hawajui, yule tajiri ndiye aliyechoma kijiji. Kwa miaka saba Drusilla alilia kwa ajili ya sinema kadha wa kadha ambazo hakuziona hata moja. Naye alimlipa Lata kwa habari za nyumba sita, ambazo hazikuwa na nyimbo lakini zilikuwa na kila kitu kingine.

Bhupendra, aliyezaa na Lata binti mmoja, Leela, alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, naye alikuwa akipita na majora begani na kuwakuta wakipangusa machozi. "Leo mmezika nani?" aliuliza, akaenda zake bila kungoja jibu.

Ilikuwa Februari ya mwaka wa sabini na nne Drusilla alipofika akakuta gramafoni imefungwa na chai haijainjikwa. Lata alikuwa ameketi kwenye gunia la mabaki ya vitambaa, barua mapajani.

"Leseni hatupewi tena," alisema. "Tufunge kabla ya mwisho wa Mei."

"Nani amesema?"

"Serikali. Kwa wote wasio raia."

"Lakini Baba Leela amezaliwa hapa hapa. Si uliniambia? Chumba hiki hiki."

"Aliomba uraia. Akaomba tena. Hawakujibu. Pasipoti yake ni ya Uingereza, basi twende Uingereza." Lata alilikunja lile karatasi mara nne. "Leela ameniuliza kama huko kuna ndizi."

Drusilla alimshika mkono. Akakaa naye mpaka saa sita, na siku hiyo hakununua wala kuuliza bei. Alipokuwa akitoka, Lata alimweleza walivyokusudia: watauza kila kitu kwa bei waliyonunulia, bila faida. Wakiuza vizuri watapata nauli ya watu watatu na kitu cha kuanzia huko kwenye baridi. Jora haliingii kwenye ndege.

Wiki hiyo kikatundikwa kibao mlangoni: TUNAFUNGA DUKA, BEI YA CHINI. Habari zilipanda mlima kabla ya jioni.

Asubuhi iliyofuata, mferejini, madebe yalikuwa yamepanga foleni na wanawake wamekaa juu yake. Bathsheba alikuwa na gazeti lenye picha ya mwimbaji wa Nairobi, gauni la krimplini, kitambaa kisichohitaji pasi, limemkaa kama maji. Krimplini ya namna hiyo hiyo, ya buluu yenye maua ya manjano, ilikuwa kwa Bhupendra, jora zima dirishani.

"Wamesema shilingi kumi na mbili yadi," Bathsheba alisema. "Ilikuwa kumi na nane. Mama Nyangate, wewe ndiye mtaalamu. Tukimbie leo?"

Wote wakamgeukia. Ni vigumu kumweleza mtu asiyekuwako jinsi ilivyokuwa tamu kugeukiwa hivyo, kwa mwanamke ambaye mumewe alikuwa mwalimu tu wa msingi, ambaye kiti chake kizuri kilikuwa kimoja, mbele ya mke wa karani wa benki mwenye seti nzima ya makochi. Drusilla alifunga kanga kiunoni taratibu.

"Mkimbilie nini?" alisema. "Anayeuza ndiye anayekimbia. Nyinyi kaeni. Jora haliingii kwenye ndege. Ngojeni wiki ya mwisho muone: atasimama barabarani awaombe mchukue." Akaegemea debe lake, akaweka kidevu mkononi, akaibana sauti puani. "'Dada, dada, rudi! Chukua na dirisha!'"

Walicheka hadi maji yakafurika debe la mtu. Drusilla naye alicheka. Alipanda na maji yake kichwani akijisikia mwepesi, na ilikuwa saa nne, akimenya viazi, alipogundua kwamba lile neno la ndege lilikuwa la Lata mwenyewe.

Neno lilitoka mferejini likaenda sokoni. Wanawake wa Manga waliokuja na mikungu ya ndizi walilibeba kurudi nalo, likavuka mto, likafika hata mashamba ya chai ya Gesima: mke wa mwalimu wa Nyanchwa, yule anayejua bei, amesema tungoje.

Jumatatu iliyofuata duka lilijaa. Drusilla alifurahi alipoona umati, kisha akaona mikono. Watu walishika krimplini, wakaivuta, wakaisugua shavuni, wakaiacha. Waliuliza bei ya kila kitu na kutikisa kichwa kwa adabu. Bhupendra alipanda ngazi, akashusha jora, akalifungua mezani, akalikunja, akapanda tena. Kufika adhuhuri alikuwa ameuza vifungo na uzi mweusi.

"Sielewi," Lata alimwambia chumba cha nyuma. Chai ilikuwako, lakini alisahau kutia sukari. "Bei hii hakuna duka lingine. Wanakuja, wanatazama, wanatabasamu. Kwa nini hawanunui?"

"Labda ni mwezi mbaya," Drusilla alisema. "Bonasi ya wakulima wa chai bado haijalipwa."

Lata alitikisa kichwa akikubali. Drusilla alikunywa chai ile isiyo na sukari mpaka chini.

Machi ikapita hivyo. Bhupendra alishusha bei hadi kumi, kisha tisa. Kila aliposhusha, watu walikonyezana: mnaona? Alikuwa akitania wateja, sasa hakutania. Miwani ilikatika upande wa pili, akaifunga uzi pia.

Drusilla hakulala vizuri. Asubuhi moja mferejini alivuta pumzi akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Kwa kweli ile krimplini kwa tisa ni bei nzuri. Mimi ningekuwa nyinyi ningekwenda leo."

 Bathsheba akaangua kicheko.

"Mmemsikia? Anataka sisi tukanunue kwa tisa, yeye angoje achukue kwa nne!"

"Si hivyo. Nasema kweli."

"Mama Nyangate, tunakujua," akasema mwingine, na kwa sauti ya sifa kabisa. "Ukisema kitu ni kizuri, ndipo unapotaka kukiacha."

Alieleza, wakazidi kucheka. Aliapa, wakapiga makofi. Kadiri alivyowasihi waende ndivyo walivyozidi kuamini kwamba siku yenyewe haijafika.

Alimweleza mumewe usiku huo, lakini si yote. Alisema tu kwamba Bhupendra hauzi na kwamba inafaa watu wa mlimani wamsaidie. Mwalimu Nyamweya alikuwa akisahihisha madaftari. "Hata mimi nangoja kitambaa cha suti," alisema bila kuinua macho. "Walimu wote tunangoja. Si ni wewe uliyesema?"

Hapo ndipo alipochukua mkebe wa mafuta ya kupikia uliofichwa nyuma ya unga. Ndani yake mlikuwa na akiba ya miaka miwili, ya seti ya makochi. Jumatatu alishuka mapema, akaingia dukani, na bila kushika kitu cha pembeni akaelekeza kidole: hiki, hiki, kile cha suti, na khaki ile yote.

Lata alimtazama. "Tisa."

"Ndiyo, tisa. Hata kumi na mbili, bei ile ya kwanza. Nipimie."

"Huombi nipunguze?" Lata aliweka mkasi chini. Alijaribu kutabasamu. "Mama Nyangate, una homa?"

Kwenye veranda, mlango ukiwa wazi, alikuwako Ongeri, fundi cherehani wa Manga, aliyeshona mbele ya duka hilo kwa miaka kumi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa kuchangia mazungumzo.

"Ah, Mama Mwalimu!" aliita huku akikanyaga cherehani. "Mbona unanunua? Si wewe uliyesema tungoje wiki ya mwisho? Mke wangu nimemkatalia mpaka sasa kwa ajili ya shauri lako!"

Cherehani iliendelea kulia, tek tek tek, kisha Ongeri akainua uso, akaona nyuso za wanawake wawili, akaacha kukanyaga.

 Lata alinyoosha kitambaa juu ya kaunta, akakipima kwa ile fimbo ya yadi, akakata. Miaka yote alikuwa akiacha inchi mbili tatu zaidi kwa ajili ya Drusilla. Safari hii mkasi ulipita juu ya alama yenyewe. Akafunga furushi kwa karatasi na kamba. Akarudisha chenji kwa hesabu ya shilingi tisa kwa yadi, si kumi na mbili.

"Mama Leela," Drusilla alianza.

"Kuna mteja nyuma yako," Lata alisema.

Hakukuwa na mteja. Drusilla alichukua furushi akatoka.

Alitaka kurudi kesho yake. Alifika hadi kwenye kona ya posta, akageuka. Siku ya pili alifika mlangoni, akamwona Leela, msichana wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyekaa kaunta na kitabu chake cha shule, akapita kama mwenye safari nyingine. Alijiambia angoje hasira ipoe. Wiki moja ikawa tatu, na tatu zikawa saba. Kila jioni alipanga maneno na kila asubuhi yalikuwa yameharibika.

Kisha wiki ya mwisho ikafika. Jumanne asubuhi Bhupendra aliandika kwa chaki kwenye kibao: shilingi tatu.

Walishuka wote. Walishuka na vikapu, na watoto, na waume walioomba ruhusa kazini. Watu wa Manga walikuja kwa miguu tangu alfajiri. Drusilla aliposikia kelele tangu sokoni alikimbia, na alipofika hapakuwa na pa kutia mguu. Wanawake walivutana majora kama kamba. Mtu mmoja alisimama juu ya kaunta ya kioo na raizoni zake, kioo kikapasuka, vifungo na mikufu ya shanga vikamwagika chini, watoto wakaviinamia. Bathsheba alikuwa amekumbatia krimplini ya buluu kwa mikono miwili na meno.

"Mmoja mmoja!" Bhupendra alikuwa juu ya kigoda, mikono hewani. "Tafadhali, kina mama! Mmoja mmoja, kitambaa kiko cha kutosha!"

Drusilla alijipenyeza mpaka kaunta, akasimama upande wa Lata bila kuombwa, akaanza kupokea pesa na kupima. Kwa muda kidogo walifanya kazi bega kwa bega kama watu wa duka moja. Lata hakumtazama wala hakumfukuza. Kisha Drusilla akasikia sauti ya juu ya kigoda ikibadilika. Bhupendra alikuwa akisema "mmoja, mmoja," lakini neno lilikuwa likimtoka nusu. Upande mmoja wa uso wake uliteremka, polepole, kama pazia lililotoka kwenye ndoano. Akakaa juu ya kigoda kwa uangalifu. Kisha akaanguka kando, juu ya vioo.

Lata alipiga ukelele kwa lugha yake. Leela alipasua umati kwa viwiko. Ongeri na mtu mwingine walimwinua wakamtoa nje, na dereva wa pikapu ya mkate akakubali kumpeleka hospitali. Lata alipanda nyuma, kichwa cha mumewe mapajani, bila viatu.

Na duka lilibaki wazi. Watu waliitazama pikapu mpaka ilipopinda kona. Halafu mkono mmoja ukavuta kitambaa, na mwingine.

"Lipeni!" Drusilla alisimama mlangoni akitandaza mikono. "Lipeni kwanza! Jamani, mtu ameanguka!"

Waliokuwa na aibu walitupa sarafu kwenye kaunta. Waliobaki walipita chini ya mikono yake. Mwanamke mmoja asiyemjua alimpiga kiganja akamwambia, "Si ulituita wewe?" Kufika saa saba rafu zilikuwa tupu, hata karatasi za kufungia zilichukuliwa. Drusilla alikusanya sarafu zilizokuwa sakafuni katikati ya vioo, akazitia kwenye droo, akafunga milango na kumpa Ongeri ufunguo aupeleke.

Alikwenda hospitali siku ya tatu, na chupa ya uji wa wimbi. Bhupendra alikuwa amelala chali. Mkono wa kulia haukuwa wake tena, na macho yalifuata nzi darini. Lata alikuwa kando ya kitanda, amevaa sari ile ile ya Jumanne.

Drusilla aliweka chupa chini. Hakukaa, kwa kuwa hakuambiwa akae.

"Ni mimi niliyesema," alisema. "Mferejini. Nilisema wangoje. Nilikuigiza sauti wakacheka. Nilitaka tu wacheke."

"Najua."

"Nilijaribu kuwageuza. Hawakusikia."

"Ongeri alisema siku ile," Lata alijibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka tu, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. "Nikafikiri, sawa, mtu huteleza ulimi. Atakuja aniambie mwenyewe. Nitamtukana kidogo, atalia, tutakunywa chai. Kila siku nilitia maji birikani. Siku ya kwanza, ya pili. Leela aliniambia umepita mlangoni." Akapangusa mate kwenye mdomo wa mumewe kwa ncha ya sari. "Wiki saba, Mama Nyangate. Ulingoja mpaka huyu ameanguka."

"Nisamehe."

Lata alifikiri. Alifikiri kwa haki, kama alivyofikiria bei zote.

"Siwezi leo," alisema. "Na kesho sitakuwa hapa. Chukua uji wako, hawezi kumeza."

Siku hiyo hiyo alikuja Subhash, kaka yake Lata kutoka Kisumu, na gari lenye kiti cha nyuma kilichowekewa godoro. Alikuwa mtu wa adabu. Drusilla alikuwa bado amesimama koridoni na chupa yake, na Subhash alimwomba kwa upole asogee kidogo, mama, mgonjwa apite. Akasogea. Machela ikapita, kisha Leela na mkoba wa shule, kisha Lata, ambaye aliangalia mbele.

Jioni mumewe alimkuta jikoni, moto umezimika, khaki yote ile bado iko kwenye furushi. Safari hii alimweleza yote. Mwalimu Nyamweya akasema alichoweza.

"Hukumwangusha wewe. Ni barua ile iliyomwangusha. Ungesema au usingesema, wangeondoka."

"Barua haikumjua," Drusilla alisema. "Mimi nilimjua."

Mwalimu akaenda kuwasha moto mwenyewe.

Mwishoni mwa Juni, Ongeri alimwita kutoka veranda ya duka jingine, alikohamishia kazi. Lata alikuwa amemwachia cherehani kubwa ya dukani, na Leela alikuwa amemwandikia barua kwa Kiswahili safi cha shule. Ongeri hakuweza kusoma vizuri bila kutaja kila silabi, kwa hiyo Drusilla aliisikia polepole. Baba alifariki Nairobi, hospitalini, siku mbili kabla ya ndege. Walimchoma huko huko kwa desturi yao. Yeye na mama wamefika salama, kuna baridi, wanakaa chumba kimoja kwa shangazi, mama amepata kazi ya kushona kola kiwandani. Salamu kwa mafundi wote wa veranda.

"Hakuna zaidi?" Drusilla aliuliza.

Ongeri alisoma tena, kutoka juu hadi chini, kidole kikifuata mistari. "Hakuna zaidi, mama."

Sabato iliyofuata ilikuwa ya ushirika mtakatifu, na mafundi wote wa mji walikuwa wamemaliza kushona. Drusilla alipanda mlima nyuma ya mumewe na Nyangate, na alipofika kwenye uwanja wa kanisa alisimama. Walikuwa wote pale juani. Gauni la buluu lenye maua ya manjano juu ya mke wa karani wa benki. Gauni lile lile juu ya mke wa mzee wa kanisa, sketi ya namna hiyo juu ya bintiye, blauzi juu ya Wakatoliki wa nyumba ya sita waliokuja kutazama tu. Wasichana watatu wa kwaya. Mtoto mchanga amefungwa nayo kichwani. Ilikuwa kama jora lile limefunguliwa likatandazwa kutoka mlangoni hadi kwenye mikalitusi.

Bathsheba alimjia mikono wazi, raizoni zikigonga mawe. "Mama Nyangate! Huyu ndiye mama yetu! Shilingi tatu yadi, nani angeamini? Bila wewe tungelipa kumi na mbili kama wajinga." Na wengine wakamzunguka wakimshukuru, mmoja akimgeukia amwonyeshe zipu ya mgongoni.

"Bhupendra amekufa," Drusilla alisema.

Mwenye zipu akageuka.

"Amekufa Nairobi. Hakufika hata kwenye ndege. Nguo hizi mlizovaa ndizo zilizokuwa nauli yake, na mimi ndiye niliyewaambia mngoje. Mke wake alikuwa rafiki yangu. Na wengine wenu hapa hamkulipa hata hizo tatu."

 Mke wa mzee wa kanisa alitazama chini, akaondoa uzi usiokuwako kwenye mkono wa gauni. Mmoja wa wasichana wa kwaya alianza kulia, lakini huyo alikuwa akilia kwa kila jambo. Bathsheba alikuwa amefura uso, si kwa hasira tu. Palikuwa na kitu kingine pia, kama mtu aliyemwagiwa maji na anatazamwa. Akajishika kifuani, pale maua yalipokutana vizuri kwenye mshono.

"Sasa unataka tufanye nini?" aliuliza. "Tuvue?"

Kengele ikalia. Wakaanza kuingia, wawili wawili, wakishusha sauti kama inavyofaa mlangoni. Nyangate alimvuta mama yake mkono akimwambia watakosa nafasi. Drusilla aliingia akaketi kwenye benchi la katikati, kwa kuwa ndilo lililobaki, buluu na manjano kushoto kwake, buluu na manjano kulia, na wimbo ulipoanza alisimama pamoja na wenzake.